NIOBIUMU NDANI YA TANURU



Katika gazeti lililopita tuliahidi kueleza juu ya tanuru yetu ya matofali iliyoharibika. Ahadi ni deni, na leo tutailipa. Lakini kwanza tunataka kujibu ulizo lingine, juu majibu ya maulizo haya mawili yanakutana pahali pamoja.

Ulizo hilo lilitoka kwa mwenzetu aliyekuwa anaketi pamoja nasi katika darasa la tano, benchi moja. Mwaka huu hakurudi. Feza ya masomo ilikosekana, akamfuata mjomba wake kwenye machimbo ya koltani. Wakati wa pumziko ya Noeli alikuja kutusalimu. Alitoa kijiwe cheusi mfukoni, kidogo lakini kizito kupita ukubwa wake, akasema: « Ninyi mulio ku Scientifique, mutuambie: ndani ya hili jiwe iko nini, na watu wa mbali wanaifanyia nini? » Tulijibu mbio mbio: « Simu. » Akacheka. Akasema jibu hilo hata mtoto wa sokoni analijua.

Tuliona haya. Mwisho wa mwaka huu tutaketi mbele ya mtihani wa Serikali, na hatukuweza kumwambia mwenzetu kitu anachobeba mgongoni kila siku. Basi tulirudi kwa mwalimu wa shimi na kwa mwalimu wa fizike, tukasoma, tukauliza tena. Haya ndiyo tuliyopata.

1. Ndugu wawili ndani ya jiwe moja

Jina koltani limefungwa pamoja na majina mawili: kolumbiti na tantaliti. Ya pili ina metali iitwayo tantali. Hiyo ndiyo inayotafutwa sana katika koltani ya kwetu Kivu, na ndiyo inayoingia katika vyombo vidogo vya simu na vya ordinatere. Ya kwanza ina metali nyingine, ndugu yake, iitwayo niobiumu.

Niobiumu ilitambuliwa na Mwingereza Charles Hatchett mwaka 1801, katika jiwe lililotoka Amerika, na aliipa jina kolumbiumu. Ndiyo sababu hata leo « kol » ya koltani ni yeye. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose aliita metali hiyo niobiumu. Katika hadithi za kale za Wayunani, Niobe alikuwa binti wa Tantalus, na metali hizi mbili zinapatikana pamoja mara nyingi sawa mzazi na mtoto.

Tusidanganyane hapa. Sehemu kubwa sana ya niobiumu ya dunia haitoki kwetu, inatoka Brazil, zaidi pahali paitwapo Araxá. Na nyingi yake inaingia katika chuma cha pua na chuma cha madaraja, cha mabomba na cha motokari. Lakini sehemu ndogo, ile iliyosafishwa kupita zote, inafanya kazi ya ajabu. Juu ya kazi hiyo ndiyo tunataka kusema.

2. Chombo chenyewe

Kule Hamburg, katika nchi ya Ujerumani, iko mashine ndani ya udongo yenye urefu wa kilometre 3.4. Inaitwa European XFEL, na ilifunguliwa mwaka 2017. Kazi yake ni kusukuma elektroni mpaka zikaribie mwendo wa mwangaza, kisha kuzitikisa kusudi zitoe mwangaza wa namna ya ule wa radiografi, lakini wenye nguvu sana na mfupi sana. Kwa mwangaza huo wataalamu wanaona namna molekile za dawa na za mwili zilivyojengwa, na namna zinavyobadilika.

Elektroni zinasukumwa na nini? Na vyombo vya niobiumu. Fikiri vibuyu tisa vilivyounganishwa shingo kwa shingo katika mstari mmoja, wazi ndani kutoka mwanzo mpaka mwisho. Urefu wa chombo chote ni karibu metre moja, na ukuta wake hauna unene wa kupita milimetre 3. Ndani hakuna hewa. Wanaingiza mawimbi ya radio, na nguvu ya umeme inakwenda na kurudi mara 1 300 000 000 kwa sekunde moja. Elektroni ikiingia kwa saa yake, kila kibuyu kinaisukuma mbele, sawa mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi. Katika mashine hii, metre moja ya niobiumu inatoa msukumo wa voti zaidi ya milioni 23. Na vyombo hivyo ni zaidi ya 700, kimoja nyuma ya kingine.

Kwa nini si shaba, na sisi Wakongomani shaba tuko nayo nyingi? Shaba inapitisha umeme vizuri, lakini inaukataa kidogo, na kukataa huko kunageuka kuwa joto. Shaba ya kupokea nguvu hiyo bila kupumzika ingechoma feza nyingi na kuhitaji maji mengi ya kuipoza. Lakini mwaka 1911, Leiden katika Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliona kwamba zebaki ikipozwa sana haikatai tena umeme hata kidogo. Niobiumu ina tabia hiyo pia. Inaianza kwenye digri 264 chini ya sifuri, na hakuna metali nyingine iliyo peke yake, katika hewa ya kawaida, inayoianza juu kupita hapo. Hamburg wanaipoza kwa heliumu ya maji maji mpaka digri 271 chini ya sifuri.

Lakini kwa mawimbi yanayokwenda na kurudi mbio namna hiyo, hata niobiumu inapoteza kidogo. Wataalamu wanapima upotevu huo kwa hesabu wanayoiita Q. Q ikiwa kubwa, upotevu ni mdogo. Chombo kizuri kina Q ya kupita miliari 10. Kusudi tuelewe: kama bembea ya watoto wetu, inayokwenda na kurudi mara moja kwa sekunde, ingekuwa na Q ya miliari 10, mtu angeisukuma mara moja akiwa kijana, na akirudi kisha miaka 50 angeikuta inabembea bado, ikiwa na zaidi ya sehemu moja ya tatu ya nguvu yake.

Sasa mtu atauliza: kama upotevu ni mdogo namna hiyo, kwa nini kuhangaika tena? Juu ya frigo. Kuondoa wati moja ya joto pahali penye digri 271 chini ya sifuri kunaomba wati 700 mpaka 1 000 za umeme huku juu. Ukipunguza upotevu nusu, frigo inapungua karibu nusu pia. Ndiyo sababu wanashindania kila wati.

3. Mgeni asiyeonekana

Hapa ndipo tanuru inaingia.

Umeme huo haupiti katika unene wote wa ukuta. Unapita katika ngozi ya ndani tu. Twaa milimetre moja, uigawanye vipande 1 000 000, ushike 40 tu: ndiyo ngozi yenyewe. Unywele wa kichwa una unene wa kupita hiyo mara elfu moja. Basi uzuri wote wa chombo uko katika ngozi ambayo jicho haliwezi kuiona.

Na ngozi hiyo inaumizwa wakati wa kutengeneza. Bamba la niobiumu linakandamizwa kusudi lipate umbo la nusu ya kibuyu, kisha nusu zinaunganishwa kwa mshale wa elektroni, pahali pasipo hewa. Kazi hiyo inavuruga mpango wa atomu. Kisha wanaosha chombo kwa asidi kusudi waondoe ngozi iliyoumia. Asidi inasafisha kweli, lakini wakati ule ule inaingiza mgeni: idrojeni. Atomu ya idrojeni ni ndogo sana, na niobiumu inaipenda sana. Inaikunywa sawa udongo mkavu unavyokunywa mvua.

Katika joto la kawaida mgeni huyo hasumbui. Atomu zake zinatembea huku na huku, kila moja peke yake. Lakini wakati wa kupoza, kati ya digri 120 na 170 chini ya sifuri, zinakutana na kushikamana na niobiumu, zinafanya visiwa vidogo. Visiwa hivyo havina tabia nzuri ile ya niobiumu. Umeme unapita juu yao na kuzaa joto, na Q inaanguka. Karibu mwaka 1990 jambo hili lilisumbua labo mbalimbali, wakaliita ugonjwa wa Q. Chombo kilikuwa kizuri kwa macho, kikapozwa pole pole, kikaamka kibaya.

Dawa yake ni moto. Chombo kinatiwa katika tanuru isiyo na hewa na kupashwa mpaka digri 800 kwa muda wa saa mbili ao tatu. Idrojeni inatoka katika metali na pompe zinaivuta nje. Tena atomu zilizovurugwa zinarudi katika mpango wao. Lakini hewa isiwepo hata kidogo, juu niobiumu ya moto inakunywa pia oksijeni, na inakuwa ya kuvunjika. Na mutu asifikiri kwamba moto mkali zaidi ni bora zaidi: ukipandisha mbali kupita kipimo, punje za metali zinakuwa kubwa na chombo kinakuwa laini, hakishiki tena umbo lake.

4. Tanuru yetu

Wandugu, tulipofika hapa katika masomo tulinyamaza kidogo, juu tulijiona wenyewe.

Kila mtu anajua kwamba nyumba ya kulala ya wasichana imesimama kwenye madirisha. Dada zetu wanalala wawili wawili kwa kitanda. Matofali tuliyoyachoma mwisho wa kiangazi yalipasuka karibu nusu. Watu wamesema udongo ulikuwa mbaya, wengine wamesema kuni zilikuwa mbichi. Hapana. Kosa lilikuwa letu, sisi doyeni wenu. Mzee fundi alituonya kwamba siku mbili za kwanza ni za moto mdogo tu, mpaka moshi mweupe uishe. Lakini tuliona mawingu, tukaogopa mvua, tukaamuru kuni zijazwe usiku wa kwanza. Matofali yalionekana makavu. Ndani yalikuwa na maji bado. Maji yakawa mvuke mbio, yakakosa njia ya kutoka, yakapasua.

Ni ile ile habari ya mgeni asiyeonekana. Tofali si niobiumu. Moto unafanya tofali kuwa gumu, na niobiumu unailainisha. Lakini katika zote mbili kazi ya kwanza ya moto ni kutoa kitu kilichojificha ndani, na kitu hicho kinahitaji wakati wake.

5. Digri 120 tu

Kisha digri 800, wengi walifikiri kazi ya moto imekwisha. Lakini kulikuwa na taabu nyingine. Vyombo vilivyosafishwa vizuri kabisa vilikwenda vema mpaka nguvu fulani, kisha Q ikateremka kwa gafula. Mwisho wa miaka ya 1990, wataalamu wa Saclay katika Ufaransa, pamoja na wenzao wa labo zingine, waliona kwamba chombo kikipashwa digri 120 kwa saa 48, bila hewa ndani yake, teremko hilo linaondoka.

Fikirini: digri 120! Ni kupita kidogo tu maji yanayochemka. Niobiumu yenyewe inayeyuka kwenye digri 2 477. Moto mdogo namna hiyo unaweza kuigusa kwa nini? Jibu liko tena katika ngozi. Juu ya niobiumu kuna utando mwembamba wa oksijeni, sawa kutu isiyoonekana. Kwa digri 120, oksijeni kidogo inaacha utando na kuingia katika metali, safari fupi sana, ile ile inayolingana na ngozi ambamo umeme unapita. Huko oksijeni inashika idrojeni iliyobaki na kuizuia isijikusanye kuwa visiwa. Moto mdogo, wakati mrefu, kazi kubwa. Vyombo vya Hamburg vyote vilipita katika njia hii.

6. Kazi iliyoharibika ikawa dawa

Tumefika kwenye sehemu iliyotupendeza kupita zote.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini hivi: niobiumu ikiwa safi zaidi, itakuwa bora zaidi. Katika Fermilab, karibu na Chicago, Anna Grassellino, mwanafizike wa Italia, na wenzake walitaka kufunika niobiumu kwa ngozi nyingine iliyotengenezwa kwa azoti. Waliingiza azoti katika tanuru ya moto, wakatoa chombo, wakakipoza, wakakipima. Kilikuwa kibaya kabisa.

Wengine wangekitupa na kuandika « imeshindikana ». Wao waliondoa ngozi ya juu kidogo, sehemu elfu chache za milimetre moja, wakakipima tena. Q ilipanda mara mbili hata mara nne kupita desturi. Ile ngozi ya juu ndiyo ilikuwa mbaya. Chini yake azoti kidogo ilikuwa imeingia, atomu moja moja zikiwa mbali mbali, na hiyo kidogo iliifanya niobiumu kuwa bora kupita ile safi kabisa. Walitangaza habari hiyo mwaka 2013.

Kutoka hapo kanuni ya tanuru iliandikwa sawa kanuni ya kupika. Digri 800 bila hewa, kusudi idrojeni itoke. Kisha azoti nyembamba sana, mara 30 000 hivi kupita hewa tunayopumua, kwa dakika 2 tu. Kisha kuifunga, na dakika 6 bila azoti. Kisha kupoza, na kuondoa ngozi ya juu. Dakika mbili! Ukichelewa, azoti inazidi. Kwa kanuni hiyo walitengeneza vyombo 280 vya mashine iitwayo LCLS-II, katika labo ya SLAC kule California, na mashine hiyo ilitoa mwangaza wake wa kwanza mwaka 2023.

Lakini kila dawa iko na bei yake. Vyombo vyenye azoti vinapoteza kidogo sana, lakini mara nyingi vinashindwa mapema wakitaka kuvipa msukumo mkubwa kupita kiasi. Tena vinasumbuliwa zaidi na sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira. Lazima vifunikwe vizuri wakati wa kupozwa. Basi mashine inayotaka kuokoa umeme inachagua kanuni moja, na mashine inayotaka msukumo mkubwa inachagua nyingine. Na katika miaka hii ya nyuma wamejaribu njia ya katikati, digri 300 mpaka 400 kwa saa chache, kusudi ule utando wa oksijeni uyeyuke na kuingia wote katika metali. Njia hiyo pia imetoa Q kubwa sana.

7. Tumejifunza nini?

Kwanza, moto si nguvu tu. Ni kipimo, ni wakati, na ni kujua nini itoke na nini ibaki. Digri 800 ni za kutoa idrojeni, digri 120 ni za kutembeza oksijeni kidogo, dakika 2 ni za kupokea azoti. Anayewasha tu bila kujua, anapasua matofali.

Pili, kitu kilichoharibika kiulizwe kabla ya kutupwa. Mwalimu wa fizike alituamuru kuchukua matofali mabaya na kuyavunja mbele ya darasa lote. Tuliona kwa macho yetu: nje mekundu, katikati meusi. Hapo ndipo tulijua ukweli, na hapo ndipo tuliacha kusingizia udongo.

Tatu, hili la mwenzetu. Jiwe linatoka hapa, na kilo yake inalipwa kwa bei ya jiwe. Kule mbali, kitu kinachotoka katika namna hii ya jiwe kinapata bei ya elimu. Tofauti kati ya bei hizo mbili haiko katika udongo. Iko katika kusafisha, katika kupima, katika ile dakika ya pili ya azoti. Hatusemi kwamba kesho tutajenga tanuru isiyo na hewa nyuma ya labo yetu, ambayo hata taa yake ya gazi inagawanywa kwa madarasa matatu. Tunasema kwamba anayejibu « simu » na kunyamaza amekwisha kukubali kubaki kwenye bei ya jiwe.

Ukurasa huu tutampelekea mwenzetu kule machimboni pamoja na ujumbe huu: Bwana Prefe wa masomo amekubali kwamba kama atarudi Septemba, sehemu moja ya deni lake ataweza kuilipa kwa kazi ya mikono. Nafasi yake kwenye benchi iko.

Sasa tangazo juu ya tanuru ya pili. Tutaiwasha siku ya kwanza ya pumziko ya Pasaka. Moto mdogo siku mbili mchana na usiku, mpaka moshi mweupe uishe kabisa, na mzee fundi peke yake ndiye atakayesema wakati wa kuongeza kuni. Orodha ya walinzi wa usiku imebandikwa kwenye mlango wa refektware. Jina letu liko juu, kwa usiku wa kwanza.

Mwenye ulizo juu ya niobiumu alete kwa maandishi kwa doyeni, ao aje katika labo siku ya Posho kisha kazi za mikono.

Doyeni wa wanafunzi,
Darasa la sita Scientifique